Umeme wa Ulaya kwa kipimo cha siku mbaya: Ujerumani, Ufaransa, Uhispania au Denmark?

Mjadala wa umeme ukipamba moto, mahali popote, Ulaya huitwa kutoa ushahidi, na kila upande huja na shahidi wake. Anayetaka nyuklia anataja Ufaransa. Anayetaka sola anataja Uhispania, na kabla hajamaliza sentensi anakumbushwa giza la nchi nzima la Aprili 2025. Wa upepo anataja Denmark. Ujerumani ndiyo inayotajwa na wote: huyu kama mfano wa kuigwa, yule kama onyo. Takwimu zao ni za kweli, ila nyingi ni za wastani wa mwaka, na hakuna mtu anayepikia wala kuwashia taa wastani wa mwaka. Umeme unahitajika saa hii, jioni hii, baridi hii.

Kwa hiyo hapa nimezipanga nchi hizi nne kwa siku zao mbaya: siku ambayo mpango wa kila moja ulibanwa hadi mwisho. Mtu anayetaka kuchagua wa kumfuata, awe mpangaji wa wizara, mwanafunzi wa uhandisi au mwananchi anayebishana kijiweni, ataona mengi hapo kuliko kwenye wastani.

Jambo moja kwanza, maana wengi hudhani Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ndiyo inayoamua kila kitu. Umoja wa Ulaya una lengo la pamoja: asilimia 42.5 ya nishati yote itoke kwenye vyanzo jadidifu ifikapo 2030. Una soko la vibali vya kaboni, ambavyo mchafuzi hana budi kuwa navyo kwa hewa anayotoa, tangu 2005. Lakini nchi ichome nini au ijenge nini, hilo kifungu cha 194 cha mkataba wao kimeliacha mikononi mwa kila taifa. Ndiyo maana Austria iliweza kujenga kinu cha nyuklia pale Zwentendorf, kikakamilika kabisa, kisha kura ya maoni ya Novemba 1978 ikakikataa kwa ushindi mwembamba na hakijawahi kuwashwa hata siku moja. Kinachowafunga pamoja ni nyaya na soko. Katika soko hilo, bei ya wote hupangwa na mtambo ghali zaidi unaohitajika wakati huo, na mara nyingi mtambo huo ni wa gesi. Ndiyo sababu vita vya Ukraine vilipandisha bili hata za watu ambao umeme wao hautokani na gesi.

Ujerumani: 12 Desemba 2024

Ukungu ulikuwa umetanda, upepo umelala, na kufikia saa kumi na moja jioni jua lilikuwa limeshazama. Nchi yenye paneli za sola za karibu gigawati 100 ilikuwa haipati kitu kutoka kwenye paneli hizo, na mitambo yake ya upepo ilikuwa inajikokota. Bei ya jumla ikapita euro 900 kwa megawati-saa, wakati wastani wa mwaka huo ulikuwa karibu euro 80. Kwa hesabu ya nyumbani, ni senti 90 za euro kwa uniti moja, kabla ya kodi na gharama za nyaya. Kiwanda kimoja cha chuma huko Saxony kilisimamisha uzalishaji. Bei zikapanda hadi kusini mwa Sweden na Norway, na waziri wa nishati wa Sweden, Ebba Busch, akawalaumu Wajerumani hadharani kwa kufunga vinu vyao vya nyuklia.

Lakini umeme haukukatika. Mitambo ya makaa na gesi ilikimbizwa, majirani wakauza walichonacho, na familia zenye mkataba wa bei isiyobadilika hazikujua kama kuna jambo. Kwa mwaka mzima, mteja wa Ujerumani hukosa umeme kwa wastani wa dakika 12 hivi. Kwetu tuliozoea mgao, takwimu hiyo peke yake inatosha kumnyamazisha anayesema upepo na jua vimeiharibu gridi ya Ujerumani. Siku mbaya ya Mjerumani ni ya gharama na ya moshi. Giza haikuwa nalo.

Moshi ndio sehemu inayoniudhi. Sheria yao ya mwaka 2000 ilikuwa nzuri kupita kiasi: ukifunga paneli au ukisimamisha mtambo wa upepo, unahakikishiwa bei kwa miaka 20, na umeme wako unapewa nafasi ya kwanza kwenye gridi. Wananchi walilipia kupitia tozo kwenye bili, iliyofika senti 6.88 kwa uniti mwaka 2017 kabla ya kufutwa Julai 2022. Soko hilo ndilo lililovipa viwanda, vya Uchina hasa, sababu ya kuzalisha kwa wingi hadi bei ikaporomoka. Paneli zinazouzwa leo Kariakoo na River Road kwa bei ya kawaida zina jasho la mlipa bili wa Ujerumani ndani yake. Hilo wakosoaji hulisahau.

Walipokosea ni kwenye mpangilio. Baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, serikali ya Angela Merkel iliamua kuharakisha kuachana na nyuklia. Vinu vitatu vya mwisho vikazimwa tarehe 15 Aprili 2023. Makaa ya mawe, yaliyo machafu kuliko vyote, sheria imeyapa muda hadi 2038. Miezi mitatu kabla ya vinu hivyo kuzimwa, polisi walikuwa wanawaondoa waandamanaji katika kijiji cha Lützerath ili mgodi wa makaa upanuliwe. Huku nyuma, zaidi ya nusu ya gesi waliyoagiza kabla ya vita ilitoka Urusi. Matokeo yake, pamoja na zaidi ya nusu ya umeme wanaotumia kuwa jadidifu, kila uniti bado ina zaidi ya gramu 300 za kaboni. Ufaransa haifiki 50.

Kisha kuna laini. Upepo uko kaskazini, viwanda vikubwa viko kusini, na katikati kulitakiwa kupita SuedLink, njia ya msongo mkubwa ya kilomita 700 hivi. Ilipangwa iwe tayari 2022. Wanakijiji wakakataa nguzo zisipite juu ya mashamba yao, ikaamuliwa kebo zifukiwe ardhini, gharama zikapaa, na sasa inasemwa 2028. Kwa sasa, upepo ukivuma sana kaskazini, mitambo hulipwa izime huku ya gesi na makaa kusini ikilipwa iwashe. Bili ya mchezo huo ni mabilioni ya euro kila mwaka.

Kwa ndugu zetu wanaoishi huko, siku hiyo ya Desemba inajibu swali moja la mfukoni. Tangu Januari 2025 kila kampuni ya umeme Ujerumani inalazimika kutoa pia mkataba wa bei inayofuata soko saa kwa saa. Kama una gari la umeme la kuchaji usiku na mita ya kisasa, inaweza kukulipa. Kama matumizi yako ni jiko, friji na televisheni jioni, baki na bei isiyobadilika. Jioni ndiyo saa inayoumiza. Nafuu ya uhakika kwa mpangaji ni paneli mbili za baranda: wati 800, unazifunga kwenye kingo, unachomeka plagi kwenye soketi ya kawaida, na friji inakula jua mchana kutwa. Tangu 2024 mwenye nyumba hawezi kukukatalia hivi hivi bila sababu ya maana, na seti kama hizo zilizosajiliwa zimepita milioni moja.

Ufaransa: mwishoni mwa Agosti 2022

Kati ya vinu 56, vilivyokuwa vimezimwa ni 32. Vingine vilikuwa kwenye matengenezo yaliyoahirishwa wakati wa korona. Vingine vilizimwa kwa sababu, kuanzia mwishoni mwa 2021 kwenye kituo cha Civaux, wakaguzi waligundua nyufa za kutu kwenye mabomba ya mfumo wa dharura wa kupoza kinu. Kama hiyo haitoshi, mito ya Rhône na Garonne ilikuwa na joto kali kiasi kwamba baadhi ya vituo vilihitaji kibali maalumu kurudisha maji ya moto mtoni. Umeme wa kununuliwa kwa ajili ya mwaka uliofuata ukapita euro 1,000 kwa megawati-saa. Mafundi wa kuchomelea wakaletwa kutoka ng'ambo. Mwaka ulipokwisha, EDF, shirika la umeme la Ufaransa, lilikuwa limezalisha terawati-saa 279, kiwango cha chini kabisa tangu 1988, limepata hasara ya euro bilioni 17.9, na Ufaransa ilikuwa imenunua umeme nje kuliko ilivyouza, jambo ambalo halijatokea tangu 1980. Kati ya waliomuuzia ni Mjerumani yule yule.

Hapa ndipo pa kutulia kidogo, kwa sababu nguvu ya Ufaransa na udhaifu wake vimetoka tumbo moja. Mwaka 1974, baada ya mafuta kupanda bei, Waziri Mkuu Pierre Messmer alitangaza mpango wa vinu vingi vya aina chache, vinavyorudiwa rudiwa. Mafundi wakazoea, vipuri vikafanana, na ndani ya miaka 15 hivi nchi ikawa na makumi ya vinu. Hakuna taifa lililosafisha umeme wake haraka hivyo. Lakini vinu vilivyofanana hufanana hata kwenye magonjwa. Ukikuta ufa kwenye kimoja, inabidi uwafungulie wenzake wote kifua.

Waliponyanyuka, walinyanyuka kweli: mwaka 2024 Ufaransa iliuza nje terawati-saa 89 zaidi ya ilizonunua, rekodi yao hadi wakati huo. Mteja wa kawaida hulipa pungufu sana kuliko Mjerumani ambaye uniti yake inazunguka senti 40. Ukiangalia hewa na bili pekee, mechi imekwisha na Ufaransa imeshinda.

Tatizo ni kwamba ushindi huo ulijengwa na kizazi kingine. Kinu kipya, Flamanville 3, kilianza kujengwa Desemba 2007 kwa makadirio ya euro bilioni 3.3. Kiliunganishwa na gridi tarehe 21 Desemba 2024, miaka 12 baada ya tarehe yake, kwa bilioni 13.2 kwa hesabu za EDF yenyewe. Vile vinu sita ambavyo Rais Macron alivitangaza mjini Belfort mwaka 2022, cha kwanza kinatarajiwa 2038. Anayesema "tufuate Ufaransa" inabidi aseme ni Ufaransa ipi: ya 1974 au ya Flamanville. Ya kwanza haiuzwi tena dukani. Na lile neno "kujitegemea" walipimie pia Niger, ambako mgodi wa urani wa SOMAÏR uliokuwa chini ya kampuni yao ya Orano ulitaifishwa Juni 2025. Wana wauzaji wengine, hawatakwama kesho, lakini urani yao hailimwi Burgundy, huko kwao Ufaransa.

Uhispania: 28 Aprili 2025, saa sita na dakika 33 mchana

Jua kali, siku ya Jumatatu, sola ikitoa zaidi ya nusu ya umeme wote. Muda mfupi kabla, waendesha gridi walikuwa wamepambana na mitikisiko, na baadhi ya hatua za kuituliza zikawa zimepandisha volteji. Mtambo ukajitoa upande wa Granada. Volteji ikapanda zaidi. Badajoz wakajitoa, kisha Sevilla, na kila aliyejitoa akamsukuma mwenzake. Ndani ya nusu dakika Uhispania na Ureno, ukiacha visiwa, zilikuwa hazina umeme. Treni zilisimama katikati ya mashamba, watu wakatembea kwa mguu ndani ya mahandaki ya metro, mashindano ya tenisi ya Madrid yakakatwa, na redio za betri zikaisha madukani kabla ya jua kuzama. Ufaransa na Moroko walisaidia kuwasha upya kutokea mipakani, mabwawa ya umeme yakaamshwa, na kufikia asubuhi iliyofuata karibu kila mtu alikuwa amerudishiwa.

Kabla moshi haujatulia, watu walishahukumu: ni sola. Ripoti ya serikali ya Juni na ya wataalamu wa waendesha gridi wa Ulaya zilisema jambo lenye sura nyingine. Kilichoua gridi ni volteji kupanda bila wa kuishika, aina ya mporomoko ambayo Ulaya haikuwahi kuiona. Gridi inachungwa kwa vitu viwili: masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo lazima yabaki hertzi 50, na volteji, ambayo ni kama presha ya maji kwenye bomba. Mitambo mikubwa ya gesi, maji na nyuklia inatakiwa kuinyonya presha inapozidi. Iliyopangwa siku hiyo ilikuwa michache, na baadhi haikufanya ilivyotakiwa. Na mashamba ya sola? Kanuni za Uhispania, za mwaka 2014, hazikuyataka yashughulike na volteji saa kwa saa. Vibadilishi vyao, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, vina uwezo huo. Hakuna aliyewaamuru wautumie.

Kwangu hili ndilo tukio lenye mafunzo kuliko yote manne, na ndilo lenye dawa ya bei nafuu kuliko yote. Ufaransa ilihitaji kukata mabomba na kuyachomelea upya. Ujerumani inahitaji laini ya kilomita 700. Uhispania ilihitaji, kwa sehemu kubwa, kurekebisha karatasi: msimamizi wa soko alipitisha kanuni mpya ya volteji Juni ile ile. Palibaki suala la betri, walizozipuuza mno, na la waya: njia zao za kuvuka milima ya Pyrenees kwenda Ufaransa hazifiki gigawati 3, ndogo sana kwa nchi ya ukubwa huo. Kebo mpya ya chini ya Ghuba ya Biscay, gigawati 2, inatarajiwa 2028.

Uhispania pia ina historia ya kumtesa aliyeamini. Ilitoa ruzuku za sola kwa mkono mkunjufu, kisha uchumi ulipoyumba ikazikata hata kwa waliokwisha kujenga, ikaburuzwa kwenye mabaraza ya usuluhishi hadi leo. Mwaka 2015 ikaweka tozo kwa mwenye paneli nyumbani kwake, iliyofutwa 2018. Mjerumani alilipa ghali lakini alitimiza ahadi yake ya miaka 20.

Denmark: siku ya zabuni isiyo na mzabuni

Denmark sitakaa nayo sana, maana ukweli wake unasemwa kwa sentensi moja: inaendeshwa kwa upepo wake na mabwawa ya majirani. Zaidi ya nusu ya umeme wake ni upepo. Ukivuma, unauzwa Norway na Sweden, wanaofunga maji kwenye mabwawa yao. Ukilala, maji yanafunguliwa na umeme unarudi. Kebo za kwanza kwenda Norway ni za miaka ya 1970. Ya Uingereza, Viking Link, yenye kilomita 765, ilianza Desemba 2023. Ndani ya nchi, nyumba mbili kati ya tatu hupata joto kwa mabomba ya pamoja ya mji, hivyo baridi haiigongi gridi yao kama inavyoigonga ya Ufaransa, ambako kila nyuzi moja ya joto ikishuka majira ya baridi mahitaji hupanda kwa megawati kama 2,400.

Siku yao mbaya haikuwa ya giza wala ya bei. Desemba 2024 walifunga zabuni ya gigawati 3 za upepo katika Bahari ya Kaskazini, bila ruzuku, na hakuna kampuni hata moja iliyoleta bahasha. Vifaa na riba vilikuwa vimepanda, na upepo ukivuma kwa wote kwa wakati mmoja bei huanguka, sasa mwekezaji atakula nini? Serikali ikarudi na ruzuku. Mwezi uliofuata, Januari 2025, chama kimoja kikajitoa kwenye serikali ya Norway kwa ugomvi wa sheria za nishati za Ulaya, huku wananchi wa kusini wakinung'unika kwamba kebo zinawaletea bei za Wajerumani. Denmark imejipanga vizuri mno, mradi jirani asichoke.

Basi umfuate nani?

Mwenye serikali inayoweza kukopa kwa riba ndogo na kushika mpango mmoja kwa miaka 20 bila kubadili mawazo kila uchaguzi, ana haki ya kuitazama Ufaransa. Sizioni nchi nyingi za namna hiyo, hata huko huko Ulaya. Mwenye majirani wenye mabwawa na anayeelewana nao, Denmark. Ujerumani ningeichukua sheria yake ya kumlinda mwananchi anayefunga paneli na ningeiacha ratiba yake ya kufunga mitambo. Anza na chafu.

Kwa nchi yenye jua jingi, mabwawa yake yenyewe na mfuko wa kawaida, ninachagua Uhispania pamoja na giza lake. Ila kwa sharti ambalo Wahispania wenyewe wamelijua kwa kuchelewa: kanuni ya volteji iandikwe kabla ya shamba la kwanza la sola kuunganishwa, na laini itangulie mtambo. Kenya walilipia somo la pili. Mitambo 365 ya upepo ya kampuni ya Vestas ya Denmark ilikuwa imesimama Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, mwaka 2017. Mkandarasi wa laini ya kwenda Suswa, kampuni ya Kihispania, alifilisika njiani, na upepo ukavuma bure hadi laini ilipokamilika Septemba 2018 huku serikali ikidaiwa fidia ya umeme ambao haukufika kwa mtu.